Kikubwa Kimemaliza Kukua

Nitakuambia kitu na utaniita mwongo. Niite tu. Siku ya mavuno Subilaga alichimbua kiazi kilicholingana na mtoto wake kwa urefu, na hicho wala siyo cha ajabu. Cha ajabu ni nani alikila. Ngoja, tulia, twende taratibu, maana nikikimbilia mwisho utasema nimeota, na Subilaga mwenyewe mpaka leo hajui kama siku ile aliota au aliotwa.

Kwanza uijue Bustani. Haina jina lingine, ni Bustani tu, na hakuna aliyewahi kutoka nje yake akarudi kusema inaishia wapi. Chini ni matuta ya viazi. Katikati ni matunda laini, stroberi zinatambaa ardhini, na juu yake miforosadi imejaa mpaka matawi yanainama. Juu kabisa, mwisho wa ngazi za mawe, kuna Nyumba, na watu wanasema humo anakaa Mkubwa. Kiangazi huko huja siku moja. Siku moja kwa mwaka, sikutanii, ila siku yenyewe ni ndefu mpaka watu wanasahau kwamba kulikuwa na asubuhi. Jua linatoka, majani ya viazi yanakauka, stroberi zinaiva, vyote kwa mpigo, na hakuna anayeuliza ni saa ngapi kwa sababu saa zote zinajibu: sasa hivi.

Na watu wa huko wanaamini kitu kimoja kwa nguvu zote. Wanaamini dunia inakua.

Ushahidi wanao. Kila mwaka mpini wa jembe unakuwa mrefu, lazima fundi aukate. Kila mwaka kizingiti cha mlango kinapanda. Babu alikivuka bila kukitazama, baba alinyanyua goti, mtoto anapanda kwa mikono kama anapanda ukuta. Kipaza sauti kilichofungwa kwenye mforosadi mkubwa hutangaza: "Ndugu wananchi, mwaka huu tena nyumba zetu zimeongezeka kimo!" Watu wanapiga makofi. Nani asiyependa nyumba kubwa? Subilaga alirithi simu kwa marehemu mama yake. Mama aliishika kwa mkono mmoja huku anapika. Subilaga anaiegesha kwenye magoti yote mawili, na mwanawe Ipyana, wa miaka minne, anailalia kama kitanda, na majirani wanasema, ona mama Ipyana, simu yake imekua, ana bahati.

Mtu mmoja tu hakulingana na maendeleo hayo. Bibi Tulinagwe, bibi yake Subilaga, mama wa mama yake. Huyu alipita mlangoni kwa kuinama. Mjukuu wake alimfika gotini. Kwenye kidole gumba cha kushoto ana kovu refu, jembe lilimkata zamani, na kovu hilo peke yake lilikuwa refu kuliko kidole cha mtu mwingine yeyote. Watu walisema ana ugonjwa wa urefu. Walimwonea huruma kwelikweli.

"Pole bibi. Bado tu?"

"Bado, wanangu."

"Utapungua, Mungu mkubwa."

Naye hacheki wala hakasiriki. Anatazama chini. Yaani hata kama unazungumza naye uko juu ya kiti, juu ya meza, yeye lazima atazame chini.

Basi. Siku ya kiangazi ikafika, na siku hiyo ina ruhusa yake. Siku zote nyingine ukichuma stroberi bila kuambiwa unaitwa mbele za watu. Siku ya mavuno, kula. Kula mpaka ukome. Tunda laini haliwekwi, leo ni sukari, kesho ni maji yenye nzi, kwa hiyo watu wote wanakula, na midomo inakuwa myekundu, na mikono, na shingo, na wanachekana, na wanapigana picha. Na wakati midomo bado ni myekundu ndipo viazi vikubwa vinakusanywa kupelekwa Nyumbani juu. Hakuna askari. Hakuna kiboko. Utamu tu. Kinywa chako kimejaa, utasemaje hapana?

Vidogo vinabaki kuwa mbegu. Kikubwa ni cha juu, kidogo ni cha kupanda. Ndivyo ilivyo, na ukiuliza tangu lini, saa zitakujibu: sasa hivi.

Subilaga alikuwa kwenye tuta la mwisho. Ipyana alikaa ndani ya kikapu cha kuchumia, kakumbatia stroberi moja kwa mikono miwili.

"Mama, hili limenishinda."

"Kula taratibu. Anzia pembeni."

"Limenizidi mimi."

Mtoto alisema hivyo akicheka. Lakini Subilaga alisimamisha jembe. Asubuhi ile alikuwa amempima mwanawe kwa kamba ileile aliyopimwa nayo yeye alipokuwa na miaka minne. Kamba ilibaki. Ilibaki nyingi. Akaifunga mara mbili, akaificha kifuani, hakumwambia mtu. Sasa maneno ya mtoto yakaikaza ile kamba.

Dunia inakua. Au.

Hakumaliza. Kuna maneno ukiyamaliza huna pa kurudi. Akapiga jembe kwa hasira, udongo ukafunguka, na ndani kulikuwa na kitu.

Alianza kukifukua kwa vidole. Akafuata ubavu wake, hauishi. Akazunguka, hauishi. Shina lake lilikuwa tofauti na mengine, nene, bila yale madoa ya manjano ambayo kila mtu huyaona ni urembo wa majani. Akapiga magoti, akavuta, akaanguka nacho kifuani. Kiazi. Kizito, baridi, kimekamilika. Akakilaza kando ya kikapu. Ipyana akatoka, akalala pembeni yake, wakalingana, kisigino kwa utosi.

Na hapo Subilaga akafikiri mambo ambayo mtu mwenye jembe hana muda wa kuyafikiri. Kiazi hakijui ukubwa wake. Kule chini hakuna cha kujilinganisha nacho, ni giza na wewe, unajaza nafasi uliyopewa na shina lako, basi. Anayesema kikubwa ni mkono unaokitoa. Na mkono wenyewe nani ameupima? Mimi nikisema mimi ni mtu mzima, mzima wa nani? Bibi ni mgonjwa kwa sababu yuko peke yake. Tungekuwa sisi peke yetu na wao ndio wengi, nani angekunywa dawa? Mama yangu alishika simu kwa mkono mmoja. Kwa mkono mmoja. Nilimwona.

Angeishia hapo, angefukia, angenyamaza. Lakini furaha ilimzidi. We ungeweza? Umepata kitu kama hicho na simu iko hapo! Akaiegesha kwenye mpini, akarudi nyuma, akapiga picha: kiazi na mtoto, mtoto na kiazi. Akaituma kwenye grupu la Matuta Yetu, bila neno, na mioyo mitatu.

Kivuli kikamfunika. Bibi Tulinagwe.

"Fukia," bibi alisema.

"Bibi, umekiona?"

"Nimekiona. Fukia haraka, usimwonyeshe mtu. Hicho ndicho mbegu."

"Mbegu ni vidogo."

Bibi akaketi chini, kitu ambacho huchukua muda kwake, na bado alikuwa juu. Alisugua lile kovu la gumbani.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Sisi tulipanda vikubwa. Mashina mazima, viazi vizima. Ukaja mwaka wa njaa. Nilikuwa msichana. Siku ya sita sijala, nikapewa kiazi kikubwa cha mbegu, nikakila. Chote. Wenzangu wakaniuliza, sasa tutapanda nini? Nikaona aibu. Nikaokota kadogo, nikasema, hata haka kataota."

"Hakakuota?"

"Kaliota!" Bibi alipiga ardhi kwa kiganja, Ipyana akaruka. "Hilo ndilo lililotumaliza. Kangekataa kuota tungejua siku ileile. Kaliota, kakazaa, watu wakala, wakasema kumbe inawezekana. Kila mwaka kanaota. Kila mwaka kanapungua kidogo tu, kiasi cha kucha, nani atapima kucha? Nimekaa nawatazama mnashuka. Mama yako alinifika kiunoni. Wewe gotini. Huyu..."

Hakummalizia Ipyana. Subilaga akaishika ile kamba kifuani.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Wakanipa pole."

Subilaga akashika jembe afukie. Ndipo simu ikalia. Ikalia tena. Ikalia mfululizo mpaka ikaanza kutembea yenyewe kwenye udongo.

"Umetuma?" bibi aliuliza.

Watu walikuwa wanakuja tayari, wanateremka kutoka kwenye stroberi, midomo myekundu, wanaimba. Mbele yao Anyitike, mwenyekiti wa matuta, mzee mwenye kitambi na utani, ambaye katika ujana wake aliwahi kubeba kiazi mpaka Nyumbani juu na tangu hapo akapewa uenyekiti.

"Mama Ipyana! Umetuzalia pacha na hukutuambia!"

Wakacheka. Mama Nsekela, jirani wa Subilaga, akakipapasa kiazi kama tumbo la mjamzito. "Jamani, hiki kina uso. Hiki kinanizidi mimi kwa unene, mume wangu asikione!"

"Nataka kukipanda," Subilaga alisema.

Kikalipuka kicheko kikubwa kuliko cha kwanza.

"Binti yangu," Anyitike alisema, akafuta machozi ya kucheka, "tufikiri kwa akili. Hiki kimekua au hakijakua?"

"Kimekua, baba."

"Kimemaliza! Ukikifukia kitakua nini tena? Kitakaa huko chini kinajisifu. Lakini hiki," akaokota kamoja kama tunda la forosadi, akakainua juu watu wakaone, "hiki bado kina hamu. Kinachopandwa ni chenye hamu."

Makofi. Ndugu yangu, watu walipiga makofi.

"Mwaka jana tulipanda vyenye hamu," Subilaga alisema. "Mwaka juzi vyenye hamu. Hiyo hamu imekwenda wapi?"

"Imekwenda juu!" Mama Nsekela akadakia, na vicheko vikafunika kila kitu. Mtu akamtia Subilaga stroberi mdomoni, kwa upendo tu, kwa mapenzi kabisa, na juisi ikamtiririka kidevuni na tayari alifanana nao.

Wakamwambia atakipeleka yeye mwenyewe, heshima ni yake. Wangeweza kumnyang'anya. Hawakuhitaji. Bibi Tulinagwe alibaki ameketi, mikono mapajani, hakunyoosha hata kidole, na hilo lilimuuma Subilaga kuliko vicheko vyote. Akamfunga Ipyana mgongoni, akakifunga kiazi kwenye kitenge. Moyoni alikuwa na mpango. Nitamfikia huyo Mkubwa. Nitamwomba macho ya kiazi tu, yale yanayochipua. Ale nyama yote, aniachie ganda lenye macho, mimi ganda linanitosha, nitalipanda mahali pasipo na picha.

Anyitike alimsindikiza mpaka ngazi ya kwanza. Hapo utani ukamwisha.

"Ukifika utatoa tu," alisema kwa sauti ya chini. "Usijilaumu. Kila mtu hutoa."

"Mimi sitoi."

Mzee akatazama pembeni.

Ngazi zilikuwa za watu wa zamani. Kila moja ilimfika kifuani. Anatanguliza kiazi, anapanda yeye, anatanguliza kiazi, anapanda yeye. Jua halikusogea. Kila alipogeuka aliiona Bustani ileile lakini ya mwaka mwingine. Kwenye ngazi ya tisa alimwona mama yake akiwa hai, anapika, simu sikioni, mkono mmoja. Akaita. Mama akageuka kama mtu aliyesikia mlango. Kwenye ngazi zilizofuata hakugeuka tena.

Nyumba haikuwa na mlango. Ndani hakukuwa na kiti cha dhahabu wala meza wala walinzi. Jamvi moja. Juu ya jamvi, msichana amekumbatia magoti, mrefu, ameinamisha kichwa kwa sababu ya paa, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa mlangoni. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Wekundu uliokuwepo pale ni damu.

"Shikamoo," Subilaga alijikuta anasema, kwa msichana mdogo kwake kwa miaka kumi.

"Marahaba," msichana akaitikia bila kufikiri. Kisha: "Umeleta?"

"Wewe ndiye Mkubwa?"

"Nani?"

"Yule anayekula vikubwa. Kila mwaka tunaleta."

"Mwaka gani? Ni leo. Tangu nimekaa hapa ni leo. Siku ya sita."

Aliponyoosha mkono wa kushoto, Subilaga akaona kidole gumba. Pale penye kovu palikuwa bado kidonda. Kibichi. Kinavuja.

Kumbe. Kumbe juu hakuna mtu. Juu kuna njaa moja ya zamani, haijawahi kushiba, haina kosa, na sisi tunaipandia ngazi kila kiangazi tunaiita Mheshimiwa. Ningemkuta mnyama ningempiga jembe. Ningemkuta mfalme ningemtukana. Nimemkuta bibi. Nimemkuta bibi hajawa bibi.

"Niachie macho," Subilaga alisema. "Kula, ila ganda lenye macho niachie. Nikapande."

Msichana alimtazama kama anasemeshwa kwa lugha ya ndege. "Siku ya sita," alisema.

Subilaga akarudi nyuma hatua moja. Akakivuta kitenge kifuani. Alikumbuka kamba. Alimkumbuka Ipyana kalala kando ya kiazi, kisigino kwa utosi. Akaamua. Ndiyo, aliamua, usije ukasema hakujaribu: akageuka aondoke.

Mgongo ukawa mwepesi.

"Ipyana?"

"Mama." Sauti ilitoka mbali, inakatika, kama simu isiyo na mtandao. Akapeleka mkono nyuma, akashika kitambaa, na ndani ya kitambaa joto tu, joto la mahali ambapo mtoto alikuwa amelala. Akajaribu kulitaja jina la mama yake, halikuja. Vidole vyake mwenyewe vilipitisha mwanga. Nyuma yake msichana alikuwa anateleza taratibu kutoka kwenye magoti yake, analala kwenye jamvi, macho wazi. Na Subilaga akaelewa, na angetoa chochote asielewe: huyu akifa leo, hakuna mama wa mkono mmoja, hakuna yeye, hakuna wa kupimwa kwa kamba.

Mtoto mdogo, au pasiwe na mtoto.

Akakifungua kitenge.

Msichana alikichukua kwa vidole viwili. Na pale, mkononi mwake, sikia, kilikuwa kiazi tu. Cha kawaida. Cha kunywea chai asubuhi. Alikila kwa matonge manne, kibichi, na udongo, na maganda. Macho ya kiazi yalikwenda kwenye tonge la pili. Mgongo wa Subilaga ukarudi kuwa mzito, na mtoto akaanza kulia, kilio kizuri, cha mtoto aliyepo.

"Kingine hakipo?" msichana aliuliza.

Alivyoshuka hajui. Chini walimngoja na nyimbo.

"Mkubwa amepokea!" alisema, kwa sababu ndiyo maneno yanayosemwa, na wakashangilia mpaka forosadi zikapukutika. Anyitike hakupiga makofi. Alimsogelea sikioni.

"Ulimkuta nani?"

"Bibi yangu. Wewe?"

"Baba yangu. Alikuwa ananyonya vidole." Akapangusa mdomo mwekundu kwa mkono mwekundu, akawageukia watu. "Haya, vidogo vyenye hamu, tukapange mbegu!"

Bibi Tulinagwe alikuwa ameketi palepale. Subilaga akasimama mbele ya goti lake.

"Ulijua ni mimi?"

"Sikujua," bibi alisema. "Mwenye njaa hatazami uso, anatazama mkono. Miaka yote hii nawaza, alikuwa mwanamke gani yule, mwenye mtoto mgongoni, kwa nini hakuninyima. Nimemtukana sana. Leo ulipomfunga mtoto ndiyo nimejua."

"Ndiyo maana hukunizuia."

"Nilitaka kukuzuia. Mikono ilikataa. Mikono ilitaka kuishi."

Bibi akaiokota simu kwenye udongo, kwa mkono mmoja, kama mama alivyokuwa anaishika. Akaifungua ile picha, kiazi na mtoto, mtoto na kiazi. Akaisogeza karibu na macho, akaitazama muda mrefu.

"Kumbe kalikuwa kadogo hivi," alisema.

Walirudi nyumbani. Kwenye kizingiti Ipyana alinyanyua mikono abebwe, kwa sababu hata kupanda hakuwezi tena. Kipaza sauti kilikuwa kinatangaza jinsi milango ilivyokua. Subilaga akamnyanyua mtoto, akamvusha, akabaki nje ameshika kamba yenye mafundo mawili, na kiganja chake kingine kimejaa mbegu zilizogawiwa, ndogo, zote zina hamu.

Sasa wewe unayenisoma, uliyekuwa unasema moyoni asitoe, asitoe. Mgongo wako umekuwa mwepesi, mtoto anakuita kwa mbali, na mbele yako bibi yako ana siku sita hajala. Wewe ungefanyaje?